Lia Upewe

Ipo nchi moja nzuri sana ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu huko kulitaja jina la nchi bila kibali ni kosa, na mimi ni raia mwema. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, na ina mawaziri wengi kuliko madaraja.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Madaraja na Wizara ya Burudani. Serikali ikaja kugundua kwamba Wizara ya Madaraja imekaa bila kujenga daraja muda mrefu kiasi kwamba maofisa wake walikuwa wakibishana kama daraja hujengwa kando ya mto au juu yake. Wizara ya Burudani, kwa upande wake, ilikuwa haipumziki. Ikaamuliwa, kwa busara ambayo sisi wananchi hatukuulizwa, kwamba wizara hizo ziunganishwe, iliyo hai iibebe iliyokufa. Hivyo ikazaliwa Wizara ya Madaraja na Burudani, chini ya Mheshimiwa Onesforo Bandiko.

Mheshimiwa Bandiko alikuwa na sauti nzuri ambayo ingemfaa mtu msema kweli. Alipotokea kwenye televisheni kutangaza sera yake mpya, hata watoto walinyamaza.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga walinena, mtoto akililia wembe, mpe. Serikali yenu imekaa, imetafakari, na imejiuliza: je, akililia daraja? Akililia kisima? Akililia zahanati? Jibu ni lile lile. Apewe! Lakini kwanza alie. Na alie mbele ya wote, kwa uwazi na utawala bora."

Hivyo ndivyo lilivyoanza shindano la *Lia Upewe*. Kila wilaya ingemtoa mtu wake mmoja. Washindani wangekaa katika nyumba moja mji mkuu, kamera zikiwatazama wakila, wakilala na wakigombana, na kila Jumapili alasiri wangepanda jukwaani kulilia shida ya kwao. Wananchi wangepiga kura. Wilaya ya mshindi ingepewa ilichokiomba. Wilaya nyingine zingepewa fulana.

Sisi wa Ng'amboni tulihitaji daraja. Mafuriko yalikuwa yamelichukua lile la zamani, na Mto Luhanje ukatutenga na soko, shule na hospitali. Tulikuwa tunavuka kwa kushika kamba, maji yakitufika kifuani. Seremala wetu, Songoro, mtu mpole asiyependa maneno, alichoka kungoja Serikali, akaingia mtoni na magogo yake kujaribu kufunga daraja mwenyewe. Mto ukamchukua yeye na magogo.

Mjane wake aliitwa Bi Zamoyoni. Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Ng'amboni walizaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine walikuwa wakubwa tu kuliko yeye. Siku ya mazishi ya Songoro hakudondosha chozi. Watu walisema, kama watu wanavyosema: "Yule mwanamke ana moyo wa chuma." Kesho yake alikamata kamba, kapu lake la kazi kichwani, akavuka mto ule ule kwenda kumzalisha mke wa mtu.

Tangazo la shindano lilipotufikia, Mwenyekiti wetu, Bwana Abedi Shekivuli, aliita mkutano. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kufurahi.

"Nani ana msiba mzuri?" aliuliza.

Tulijipima. Mmoja alikuwa na mguu mbaya, lakini uliumizwa na baiskeli. Mwingine alikuwa na nyumba iliyoungua, ila kila mtu alijua aliiunguza mwenyewe akifukuza nyuki. Mwisho macho yetu yote yakamwendea Bi Zamoyoni, aliyekuwa ameketi nyuma akichambua mboga.

"Msinitazame hivyo," alisema.

"Dada yangu," Mwenyekiti alisema kwa upole, "wewe mume wako amekufa kwa ajili ya daraja lenyewe. Msiba kama huo wilaya gani inao? Tukimtuma mwingine tutakuwa tunauchezea."

"Abedi, mimi sijui kulia mbele za watu. Nimelia kwangu, mlango umefungwa. Machozi ya kuonyesha sina."

"Tutakufundisha."

"Na ni aibu. Mtu mzima kulizwa kama mtoto ili watu watafune bisi."

Hapo mwalimu mmoja alisimama akamuunga mkono, akasema shindano lile ni kudhalilisha utu. Watu wakamzomea. Wakasema, hata hivyo, siku zote televisheni inatuonyesha watu wenye magari. Leo kwa mara ya kwanza inataka kumwonyesha mtu wa kamba na mto, naye anakataa? Mimi mwenyewe niliona hoja hiyo ina nguvu. Bado naiona ina nguvu, na ndiyo maana inanisumbua.

Kilichomwondoa Bi Zamoyoni hakikuwa hoja. Juma lile lile mama mmoja alishikwa na uchungu wa mtoto aliyekaa vibaya, ikabidi apelekwe hospitali ng'ambo, na mto ulikuwa umefura. Walikaa ukingoni wakingoja maji yapungue. Maji yalipopungua hapakuwa na sababu tena ya kuvuka. Bi Zamoyoni alimfunika yule mama kanga yake, akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, akasimama mlangoni.

"Nitakwenda," alisema. Basi.

Tulimfundisha kulia kwa bidii. Kila alasiri tulikusanyika uani kwa Mwenyekiti. Tulimkatia vitunguu, tukalia sisi. Tulimwekea moshi wa kuni mbichi, tukakohoa sisi. Tulimwimbia nyimbo za msiba mpaka shangazi mmoja akazimia, na Bi Zamoyoni ndiye aliyempepea. Siku ya safari tulimsindikiza mpaka mtoni. Binti yake, Rehani, msichana mkubwa aliyekuwa akijifunza kazi ya mama yake, alimshikia kapu hadi maji yalipomfika kiunoni.

"Mama, usipoweza, rudi tu," alimwambia.

"Nisipoweza nitarudi na fulana," mama yake alijibu, na Rehani akacheka.

Jumapili ya kwanza, mji mzima ulikaa mbele ya televisheni ya Mwenyekiti. Mtangazaji alikuwa kijana aitwaye Jeri Mng'aro, ambaye meno yake yalitangulia kuingia jukwaani. Kulikuwa na majaji, na miongoni mwao Daktari wa Machozi, aliyesomea nje, mwenye koti jeupe na kichupa cha kupimia. Kazi yake ilikuwa kukinga machozi ya washindani na kutangaza ujazo. Kamasi hazikuhesabiwa. Kanuni hiyo ilimwondoa mshindani wa wilaya ya jirani siku hiyo hiyo, na wilaya yake ikakata rufaa.

Bi Zamoyoni alipanda jukwaani na gauni lake la kitenge. Akasema: "Kwetu hakuna daraja. Watu wanakufa. Mume wangu alikufa. Tunaomba daraja." Akanyamaza.

Daktari alingoja na kichupa chake. Hakuna kitu.

"Bi mkubwa," jaji mmoja akasema, "mbona unajivuna?"

"Sijivuni, mwanangu. Nimemaliza."

Tulijua tumekwisha. Mwenyekiti alijifunika uso kwa kofia. Lakini Jeri Mng'aro alikuwa na akili ya kazi yake. Aliigeukia kamera, akanong'ona: "Watazamaji wapenzi, mwanamke huyu halii. Je, *tutamliza*?"

Kuanzia hapo nchi nzima haikuwa na habari nyingine. Walimpa jina, Mama Jiwe. Waziri alilitaja bungeni. Kila Jumapili walibuni njia mpya. Walimlaza sakafuni, akalala vizuri, akasema mgongo umenyooka. Walimletea mpishi wa hoteli autukane mchuzi wake. Akauonja wa mpishi na kumwomba radhi kwa niaba ya waliomfundisha. Walimsomea majina ya watu waliomsema vibaya, naye akawa anatingisha kichwa: "Kweli. Kweli. Hapo amezidisha."

Na lazima niseme ukweli, vinginevyo mtatuona sisi ni wajinga tu: tulifurahi. Kilikuwa kipindi kizuri. Tulimwona Bi Zamoyoni ambaye hatukuwahi kumwona, mwenye maskhara na subira. Katika nyumba ile alikuwamo mzee mmoja, Bwana Simbeye wa Uwandani, aliyekuja kulilia kisima. Yeye alikuwa analia kwa lolote, hata uji ukiungua, akawa anaongoza kwa ujazo. Wengine walimcheka. Bi Zamoyoni alimfulia kitambaa chake kila asubuhi akakianika dirishani.

"Unalia sana, kaka yangu," alimwambia siku moja.

"Kwetu watoto wanakunywa maji ya dimbwi, dada. Nikianza siwezi kuacha."

"Basi lia. Kila mtu na kazi yake."

Nchi nzima iliwapenda wawili hao. Ilipofika fainali, ni wao waliobaki.

Wizara ilitaka fainali ya kukumbukwa. Mtu wake alikuja mpaka Ng'amboni, akavuka kwa kamba huku akipiga mayowe, akakaa na Mwenyekiti ndani. Alipoondoka, Mwenyekiti alikwenda kwa Rehani. Akamwambia Wizara inataka koti la marehemu baba yake, lile la kaki alilovaa kazini, ambalo siku ya mwisho alilivua akalitundika kwenye mti kabla ya kuingia mtoni.

"La nini?" Rehani aliuliza.

"Kumtia moyo mama. Apewe kama zawadi kabla ya kupanda jukwaani."

Rehani alilitoa sandukuni, akalikung'uta, akalikunja. Aliona ni jambo jema. Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningelitoa.

Jumapili ya fainali hapakuwa na mtu shambani. Walioweza walikaa uani kwa Mwenyekiti. Wasioweza walipanda ukuta. Bwana Simbeye alianza. Walimletea dumu la maji safi, wakalimwaga polepole mbele yake. Alilia mpaka Daktari akabadilisha kichupa, na uwanja ukamshangilia.

Kisha pazia likafunguka, tukauona mto. Walikuwa wamejenga bwawa jukwaani, lenye mashine ya kutimua mawimbi, na gogo moja limelazwa juu yake, limepakwa mafuta. Jeri Mng'aro alimwambia Bi Zamoyoni kazi ni rahisi: avuke. Ng'ambo ya bwawa alikuwa amesimama mchekeshaji maarufu, yule mfupi mwenye kitambi, amevaa koti la kaki linalomfika magotini.

"Zamoyoooni!" mchekeshaji akaita kwa sauti ya mbuzi. "Zamoyoni mke wanguuu, niokoe, nakunywa maji bila chumvi!"

Bi Zamoyoni alisimama akilitazama koti. Kwenye kiwiko lilikuwa na kiraka cha bluu. Tulidhani atakataa. Lakini aliinama, akavua viatu, akavipanga kando, akaweka mguu kwenye gogo.

Alipiga hatua chache, mikono ameitanua kama bata. Mguu ukateleza. Akakaa juu ya gogo kwa kishindo, gogo likabingirika, akapinduka miguu juu, gauni likamfunika kichwa, akaingia majini mzimamzima. Mchekeshaji akajifanya kumrukia kumwokoa, akaanguka juu yake, mawimbi yakamsukuma, akapiga kelele za mbuzi.

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka ukuta ukapungua watu. Mwenyekiti alikuwa anajipiga mapaja. Wanawake aliowazalisha walikuwa wameshikana mabega, wakilia kwa kicheko. Rehani alikuwa mbele kabisa, mkono mdomoni, mabega yakimcheza. Kisha kamera ikasogea karibu, koti lililolowa likajaa kioo kizima, na kiraka kile. Kicheko cha Rehani kikakatika. Alitugeukia. Sisi bado tulikuwa tunacheka. Mtu hawezi kuacha ghafla.

Kwenye kioo, Bi Zamoyoni alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, nywele wazi. Alikuwa amelishika koti kwenye mkono, mchekeshaji bado yumo. Akafungua mdomo, na sauti ikamtoka ambayo sijui niieleze vipi. Daktari wa Machozi alijitosa bwawani na kichupa chake.

Mashine za kura zilizidiwa. Mama Jiwe alishinda. Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani akasema kwamba siku hiyo taifa limekomaa. Bwana Simbeye alikuwa pembeni akilia kuliko wote, lakini muda wake ulikuwa umekwisha.

Bi Zamoyoni alirudi kwa gari la Wizara, likamshusha ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumepanga ngoma na vigelegele. Siku ilipofika, kila mtu alikumbuka alikuwa na kazi. Aliyeshika kamba kumpokea alikuwa Rehani peke yake.

Hakutulaumu. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alipita njiani akisalimia kama zamani, nasi tuliinamia majembe yetu tukaijibu ardhi. Mama mmoja alikimbilia chooni alipomwona, akakaa humo mpaka jua likageuka. Koti la mumewe alikuwa nalo. Alilifua, akalianika, akalirudisha sandukuni, wala hakuuliza lilifikaje mji mkuu.

Rehani alishindwa kuvumilia. Jirani yao alisikia wakizungumza jikoni, na kwetu jirani akisikia, mji umesikia.

"Mama, koti nililitoa mimi."

"Najua. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Waliniambia ni zawadi yako."

"Ndiyo."

Mama akauliza: "Nilipoanguka, ulicheka?"

"Nilicheka, mama."

Bi Zamoyoni aliendelea kukoroga chungu. "Nilikuwa nafikiri hivyo," alisema. "Nilipokuwa chini ya maji nilifikiri, sasa Ng'amboni wanacheka. Nikasema, pengine mtoto wangu hayupo."

Rehani alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba. Mama hakumwita. Chakula kilipoiva alimpelekea huko huko, akakaa naye, wakala.

Daraja lilijengwa. Msifikiri nitasema lilikuwa la mbao za jukwaani. Hapana, lilikuwa zege na chuma, imara, na mpaka leo lipo. Wizara ilipoamua kufanya kazi, ilifanya. Ila upande wetu, pale linapoanzia, walisimamisha picha kubwa kuliko nyumba yoyote ya Ng'amboni: Bi Zamoyoni majini, mdomo wazi, na chini yake maandishi, *ALILIA, AKAPEWA*. Kila aliyekwenda soko, shule au hospitali alipita chini ya mdomo ule. Tulijifunza kutembea huku tukitazama vidole vya miguu.

Siku ya uzinduzi alikuja Mheshimiwa Bandiko mwenyewe, Jeri Mng'aro, Daktari na kamera zote. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko daraja.

"Wapo wanaosema kipindi chetu kinadhalilisha," alisema Waziri. "Nawauliza: daraja hili limedhalilika wapi? Ligongeni! Ni zege! Ndugu zangu, utu wa mtu haupitishi lori, lakini daraja linapitisha!" Tulipiga makofi, maana tulikuwa tumepangwa mahali pa kupigia makofi.

Kisha akamwita Bi Zamoyoni, aliyekuwa amesimama kando na kapu lake, Rehani akiwa ubavuni. "Mama Jiwe! Taifa linakuomba machozi kidogo tu, ya kuzindulia. Hatukati utepe leo. Chozi lako la kwanza likidondoka darajani, daraja limefunguliwa!"

Daktari alichuchumaa na kichupa. Kamera zikamsogelea.

"Mheshimiwa," Bi Zamoyoni alisema, "nina mzazi ng'ambo. Uchungu umeanza alfajiri. Naomba kupita."

"Utapita, mama. Chozi moja."

"Sina."

Jeri Mng'aro alisimama mbele yake na kutabasamu kwa meno yote. "Watazamaji," alianza, "je, tutam..."

Hakumaliza. Nyuma yetu kitu kizito kilianguka. Alikuwa Mwenyekiti Shekivuli, amepiga magoti kwenye vumbi na suti yake ya sherehe, kofia imemtoka.

"Nitalia mimi!" alipiga kelele. "Kamera zije huku! Mimi ndiye niliyemdanganya mtoto akatoa koti! Nilijua litavaliwa na nani! Nilijua!" Akaanza kulia kwa sauti mbaya, yenye kamasi nyingi ambazo kanuni haizihesabu.

Kisha yule mama aliyejificha chooni alikaa chini, akavuta kanga usoni. "Mimi nilicheka," alisema. "Amenizalisha watoto wangu wote, na nilicheka." Mwingine akaanguka. Mwingine. Wazee, vijana, waliopanda ukuta, waliokaa mbele. Mwalimu naye, ambaye siku ile alisema ni kudhalilisha, alikiri kwamba hakukosa kipindi hata kimoja. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Niliposikia sauti yangu nilidhani ni ya mtu mwingine.

Kamera ziligeuka kama ng'ombe walioona majani. Daktari alikimbia huku na huku, kichupa kikimjaa mkononi. Mheshimiwa Waziri alimshika Jeri bega, macho yakimng'aa: "Mji mzima! Unaona? Mji *mzima*! Huu ndio msimu wa pili!"

Hakuna aliyekuwa akimtazama Bi Zamoyoni. Alilipandisha kapu kichwani, akapita kando ya Waziri, akakanyaga daraja. Rehani alimfuata. Walipofika katikati, binti akageuka.

"Mama, wanalia kweli."

"Nasikia."

"Turudi tuwanyamazishe?"

Bi Zamoyoni hakupunguza mwendo. "Kulia hakujaua mtu," alisema. "Yule ninayemwendea anaweza kufa. Twende."

Wakavuka. Sisi tukabaki upande wetu, vumbini, tukilia, wala hakuna aliyejua namna ya kuacha wakati kamera bado zinawaka.